Kadi Tisa Kwenye Kamba

Mchambuzi hakuweza kumpita mtu anayefanya kazi bila kumwuliza kazi ile anamfanyia nani. Uwe unafagia, unashusha magunia, unachoma takataka za ofisi, angesimama mbele yako, akatoa kadi ya manila kwenye mfuko wa shati, akauliza maswali yake matatu. Nani anakuomba hii? Ukishaifanya, anapata nini mkononi? Na ikifa leo, nani atalia? Kama swali la tatu lilikushinda, alikutazama kama mtu aliyekuja kukupa pole, kisha akaandika hivyo hivyo.

Mimi alinikuta kwenye mlango wa mgao wa chakula. Ilikuwa miaka ya tisini, watu wanavuka kutoka Burundi kwa makundi, na shirika lililoniajiri lilikuwa na ofisi Kibondo mjini na shughuli kwenye kambi ya wakimbizi. Kabla ya hapo nilikuwa nauza maharage sokoni Kasulu. Walinichukua kwa sababu siku moja waliponunua kwangu, mtu wao alihesabu magunia arobaini na nane, mimi hamsini, na nikayahesabu tena mbele yake hadi akayaona mawili yaliyokuwa nyuma ya gari. Wakaona bora niwe upande wao.

Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye mlango wa mtaa mmoja wa kambi siku ya mgao. Siku hiyo ya kwanza Mchambuzi alibaki ndani ya gari, akaniita dirishani.

"Unafanya nini pale, dada?"

"Nahesabu vichwa vinavyoingia."

"Halafu?"

"Halafu nahesabu vinavyotoka na chakula."

"Si ni vichwa vile vile?"

"Hilo ndilo ninalotaka kulijua, bwana."

Aliandika. Mimi macho yangu ni ya sokoni, nasoma maandishi hata yakiwa miguu juu. Aliandika neno moja, Kuhesabu, kwenye kadi moja.

"Umeandika kazi moja," nikamwambia. "Zangu ni mbili."

"Ni moja inayofanywa mara mbili. Kufanya kitu mara mbili ndio ugonjwa ulionileta huku."

"Sokoni Kasulu anayehesabu mara moja tunamwita mteja."

Hakucheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Pua yake ilitoa mlio mdogo, na mlio huo ndio tuliupokea kama kicheko. Lakini akachana kadi katikati, akanipa kipande. "Andika yako ya pili mwenyewe. Tutaibishania."

Nilimpenda kwa hilo. Mtu anayekubali kubishana bei ni mtu unayeweza kuishi naye.

Cheo chake kamili kilikuwa mchambuzi wa mifumo. Nilimwambia na mimi ni mchambuzi, wa maharage, ila mimi mawe nayatupa, yeye anayaandikia kadi. Majina ya watu hayakumkaa kichwani, au hakutaka yamkae. Alituita kwa tunachokifanya. Mimi nilikuwa Hesabu. Muuguzi mkuu wa zahanati ya kambi, mama mmoja mnene wa Kakonko mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa Zahanati. Bosi wetu alikuwa Mkuu. Siku Muuguzi alipomwuliza, "Na wewe, baba, tukuiteje?" alijibu, "Mchambuzi," kama mtu anayetaja jina la ubatizo. Hata kwenye karatasi za ofisi alitia sahihi kwa mstari ulionyooka, hauna herufi. Nimefanya naye kazi mwaka na zaidi na ningeulizwa jina lake na polisi ningelala ndani.

Tuseme ukweli, ugonjwa aliokuja kuutibu ulikuwepo. Shirika lilikuwa na kompyuta mbili na jenereta moja lenye kikohozi. Ndani ya kompyuta hizo kila idara ilikuwa na programu yake, na kila programu ilikuwa na orodha yake ya watu. Watu wa chakula walikuwa na orodha. Zahanati ilikuwa na orodha. Watu wa mablanketi na masufuria nao walikuwa na yao, iliyosafiri kwenye disketi mfukoni mwa dereva pamoja na ugoro. Mkimbizi mmoja aliandikwa mara tatu kwa tahajia tatu. Akizaa, alizaa zahanati tu; kwenye chakula mtoto hajazaliwa. Akihama, alihama kwenye mablanketi tu.

"Usiwe na orodha," Mchambuzi alituambia. "Uwe na mtu wa kumwuliza."

Huo ndio ulikuwa msingi wa dini yake. Kila jambo lifanywe mahali pamoja na mwenye kulijua, na wengine wote waliohitaji waombe kwa maneno yaliyokubaliwa, wajibiwe kwa maneno yaliyokubaliwa. Jambo la namna hiyo aliliita huduma. Kuhakiki kadi ya mgao ya mkimbizi ni huduma: chakula wanaihitaji, zahanati wanaihitaji, mablanketi wanaihitaji, basi iwe moja, ikae ofisini Kibondo, iitwe kwa redio ya upepo. Kupasha chai ya Mkuu si huduma, ni kazi tu, maana anayeihitaji ni mmoja. Mkuu hakuipenda mifano hiyo.

Kuzitafuta huduma zenyewe ndiko kulikokula miezi. Alianza juu. Alikaa kwa Mkuu akamwuliza shirika lipo kwa ajili gani. Mkuu akasema, "Tunalisha watu." Mnawalishaje? Kwa kadi. Kadi mnazitoa wapi? Na kuendelea, akishuka ngazi moja moja, hadi Mkuu akakumbuka ana safari. Kisha akaanza chini. Alifungua zile programu za zamani akaangalia kila moja tayari inaweza nini, hata kama waliokuwa wakiitumia hawajui. Aligundua ile ya mablanketi inaweza kukokotoa umri, na hakuna mtu aliyewahi kuiomba. Yaliyotoka juu na yaliyotoka chini aliyakutanisha kwenye kamba.

Kamba hiyo ilifungwa kutoka nondo ya dirisha hadi kabati la mafaili, na kadi zilining'inia kwa vibanio vya nguo. Ukiingia ofisini ilibidi uiname kama unaingia kwa mkwe. Kadi zilizofanana alizibana pamoja. Iliyokuwa kubwa mno, yaani inabeba mambo mengi kwa mpigo, aliichana. Zilizokuwa ndogo mno alizimeza kwenye nyingine. Alipanga chumba nyuma ya duka la Mswahili mmoja mjini Kibondo, na mwenye duka alinilalamikia: "Mpangaji huyu mliyeniletea kaniuliza ndoo yangu ya maji inaombwa na nani. Nimemwambia inaombwa na mwenye kiu. Kaandika!"

Alikuwa na vichekesho vyake, ingawa yeye hakuvijua. Alihubiri kitu kimoja mahali pamoja, na mwenyewe alikuwa na miwani tatu: moja ofisini, moja chumbani, moja kwenye gari. Alichukia marudio, lakini kila Jumatatu alitusimulia kisa kile kile cha kampuni moja ya Dar es Salaam ambapo idara kadhaa kila moja ilikokotoa umri wa mteja mmoja na kila moja ikapata umri wake. Nilikuwa nahesabu. Idadi ya idara ilibadilika kila Jumatatu, na yule mteja alizeeka na kurudi ujanani bila mpango.

Na lipo jingine, ambalo si kichekesho. Aliogopa foleni. Kambini alifika ile siku moja tu, na alikaa ndani ya gari, vioo vimepandishwa, jua lote lile. Nilipomwuliza mbona hashuki akaulize watu maswali yake, alisema, "Watu wakiwa wengi wananichanganya, Hesabu. Nitawauliza wanaowahudumia, wao wanajua." Aliuliza kila mtu aliyekuwa na kazi. Aliyekuwa na njaa hakuwa na kazi, kwa hiyo hakuulizwa.

Kadi za kwenye kamba zilipungua kutoka mia mbili hadi zikabaki kumi, na hapo zikagoma. Tatizo lilikuwa la kijinga kabisa, na nalieleza kwa sababu watu huwa hawaamini. Programu mpya aliyoiandika ilikuwa na menyu ambayo karani aliibonyeza kwa tarakimu moja. Moja hadi tisa. Sifuri ilikuwa ya kutokea. Kwenye redio pia ilikuwa rahisi: zahanati inaita, inasema "tatu" na namba ya kadi, inajibiwa. Tisa zinakaririka. Kumi haikuwa na pa kukaa.

Tuliitwa ofisini kubishana. Mkuu, Muuguzi, mimi, na Mchambuzi amesimama chini ya kamba kama mnadi. Saba hazikuwa na ugomvi. Zilizobaki zilikuwa tatu kwa nafasi mbili: kufunga kadi nzima ya kaya, kufunga mtu mmoja aliyekufa, na hesabu yangu ya wanaotoka.

"Kufunga kadi na kufunga mtu zinafanana," Mchambuzi alisema. "Kadi ina namba. Namba ni ya mkuu wa kaya."

"Kwangu hafi kadi," Muuguzi alisema. "Anakufa mtu."

"Akifa mtoto, kaya inabaki, nani anaomba kufunga? Akifa mkuu wa kaya, kadi inafungwa, wengine wanaandikishwa upya."

"Wanaandikishwa lini?"

"Uandikishaji unapofunguliwa," alisema Mkuu. Aliiangalia saa yake.

"Basi mniachie yangu ya mtu."

Mchambuzi akanigeukia. "Hesabu, kuhesabu wanaotoka. Nani anakuomba?"

Nilijua swali hilo halina jibu zuri. Hesabu yangu ya pili hakuna idara iliyoiomba. Lakini ikiondoka, nabaki na nusu ya kazi, na nusu ya kazi ni hatua ya kwanza ya kurudi sokoni. Kwa hiyo nilifanya ninachojua kufanya. Niliacha kuisifu bidhaa yangu, nikaishusha ya jirani.

"Mama," nikamwambia Muuguzi, "hebu tuangalie. Kufunga si kufunga? Mlango ukifungwa kwa mkono wa kulia au wa kushoto, umefungwa. Zako mbili ni ndugu, zinalala kitanda kimoja. Yangu haina ndugu hapa. Ukiniondolea yangu, Mchambuzi hana pa kuibandika."

"Unaniuzia, wee!"

"Nakuuzia kwa bei nzuri."

Muuguzi alikuwa ametoka zamu bila kula. Kipindupindu kilikuwa kinanyemelea mtaa wa chini na alikuwa na klorini hadi kwenye kope. Alipiga miayo, akainua mikono yote miwili. "Haya, chukueni. Mimi nina wagonjwa."

Mchambuzi alikibana kibanio, kadi ya kufunga mtu ikamwangukia kiganjani. Aliikunja mara mbili akaitia mfukoni. Yangu ikabaki, namba tisa. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyeuza maharage yenye wadudu kwa bei ya Soya Kabanga, yaani aina ile safi ya maharage ambayo hata wewe muuzaji unaionea wivu.

Na mfumo ulifanya kazi. Siwezi kumnyima haki yake. Mama aliyejifungua asubuhi, mtoto aliingia kwenye chakula kabla ya mgao. Mablanketi yalikoma kutolewa mara mbili kwa wajanja, mara sifuri kwa wanyonge. Mkuu alileta wageni waione kamba. Mchambuzi alivaa suruali iliyonyooshwa chini ya godoro, akaeleza kadi moja moja, pua ikalia mara tatu siku hiyo.

Miezi michache baadaye mama mmoja wa mtaa wangu, mkuu wa kaya, alifia zahanati. Muuguzi aliita ofisini kwa redio, akasema, "Saba," akataja namba. Saba ilikuwa kufunga kadi nzima. Ofisi ikajibu, "Saba imefanyika." Ilichukua muda wa kumeza mate.

Siku ya mgao akaja bibi, mama mzazi wa marehemu, na wajukuu wanne. Alikuja nao wote kwa sababu unga wa watu sita haubebwi na mgongo wa bibi peke yake, na alikuwa bado anahesabu sita. Aliitoa kadi kwenye mfuko wa nailoni aliouviringisha kama dawa. Karani akaita ofisini, akabandua redio sikioni.

"Haipo, mama."

"Hii hapa."

"Mkononi mwako ipo. Kule haipo."

"Aliyekufa ni binti yangu," bibi alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alikipanga neno baada ya neno. "Hawa hawakufa. Unawaona?"

"Ego, ndiyo, nawaona."

"Basi andika unavyowaona."

"Siandiki ninachokiona, mama. Nauliza, najibiwa. Nenda ukasubiri uandikishaji."

Mimi nilikuwa mlangoni. Jioni nilijumlisha: walioingia, waliotoka na chakula. Tofauti ilikuwa watu watano. Nikajumlisha tena. Watano. Niliandika kwenye karatasi, nikaipeleka ofisini, ikawekwa juu ya karatasi nyingine. Namba tisa ilikuwa na mtu wa kuifanya, haikuwa na mtu wa kuisoma. Nani anakuomba hii? Mimi ndiye niliyepigania swali hilo lisijibiwe.

Mgao ni kila baada ya wiki mbili. Mgao wa pili tofauti ilikuwa watano. Nilihesabu mara mbili, kama kawaida. Sikumwuliza mtu hata mara moja. Nilijua ni kina nani, maana bibi alinisalimu akiingia na akanisalimu akitoka, na mikono yake ilikuwa vile vile. Majirani walikuwa wanamkopesha unga kwa kopo la nyanya, na jirani mwenyewe ana watoto. Nilijiambia ofisi ina karatasi yangu.

Mgao wa tatu tofauti ilikuwa wanne.

Nilifurahi. Nataka niliandike hilo kama lilivyokuwa. Kwa muda wa kufuta jasho nilifurahi, nikadhani kuna mmoja amepata. Kisha nikainua macho nikamwona bibi anatoka, mikono mitupu, na nyuma yake watoto watatu. Kitinda mimba, aliyekuwa akibebwa na dada yake, hakuwepo mgongoni kwa mtu.

Nikamfuata. "Mama, yule mdogo?"

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe si ndiye unayetuhesabu?"

Sikupanda gari la ofisi siku ile, nilipanda lori la maji kwa sababu liliondoka kwanza. Nilimkuta Mchambuzi chini ya kamba yake. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Na yeye, maskini, kwa mazoea tu, aliingiza mkono mfukoni akatoa kadi.

"Kufungua kadi iliyofungwa," alisema. "Nani anaomba?"

"Bibi."

"Bibi si idara."

Neno lilimtoka, na nikaona limemrudi. Alivua miwani. Alizipitia zile kadi tisa kwa kidole, moja, mbili, hadi tisa, kisha akaanza tena moja. Hakuna mahali popote kwenye kamba ile palipokuwa na kufungua. Hakuna hata kwenye zile mia mbili za mwanzo. Alikuwa ameuliza kila mtu mwenye kazi, na hakuna mwenye kazi aliyewahi kuhitaji kadi yake ifunguliwe.

Kesho yake alikwenda kambini. Alishuka kwenye gari. Nilitembea naye hadi kwenye kibanda cha turubai cha bibi, na watu walipomzunguka nilimwona anavyotota jasho shingoni, lakini hakurudi nyuma. Alikaa kwenye kigogo. Hakuwa na Kirundi, bibi Kiswahili chake kidogo, nikawa katikati. Kiha chetu na Kirundi havipitani mbali.

"Mwulize nani anaomba kadi ifunguliwe."

"Anasema yeye. Na anauliza wewe ndiye nani."

"Mwambie mimi ndiye niliyeifunga."

Nilimwambia bibi. Bibi alifikiri, akasema, "Oya, hapana. Huyu sikumwona siku ile."

Nikatafsiri. Mchambuzi aliinamisha kichwa. Akauliza swali la pili, anataka apate nini mkononi, na bibi akalijibu kwa kuonyesha sufuria. Sufuria ilikuwa imeoshwa vizuri, inang'aa. Nilisubiri la tatu. Alikuwa amelifungulia mdomo kabisa. Akaliacha.

Aliandika upya programu ikubali herufi badala ya tarakimu, ili huduma ziwe nyingi kadiri zinavyotakiwa. Akaitenga kufunga mtu na kufunga kadi. Akaongeza kufungua. Na akaweka kwamba tofauti ya hesabu yangu ikizidi sifuri, ofisi haiwezi kufunga siku bila mtu kuijibia kwa maandishi. Unajua ilimchukua muda gani? Siku mbili. Nilizihesabu mara mbili, nikitumaini zitakuwa nyingi zaidi.

Mgao wa nne redio ilisema, "Ipo." Karani akasoma: watu wanne. Bibi alipokea unga, maharage, mafuta na chumvi vya watu wanne, akabaki amesimama mbele ya mizani.

"Na zile za nyuma?" akauliza. "Alipokuwa bado yupo?"

Hiyo haikuwa huduma. Haikuwahi kuwekwa hata baadaye. Mkuu aliandika kwenye ripoti kwamba mfumo umeboreshwa, na mkataba wa Mchambuzi ulipoisha haukusogezwa mbele, kwa sababu, kama Mkuu alivyosema, kazi ilikuwa imekamilika. Aliondoka Kibondo kwa basi la asubuhi. Aliacha kamba. Vibanio alichukua Muuguzi, akaanikia gauni zake.

Mimi mwaka uliofuata nilirudi kwenye maharage. Hawakunifukuza. Nilishindwa tu kukaa mlangoni. Nilipata meza yangu ya zamani Kasulu, nikawa nachukua mzigo Rungwe Mpya kwa wakulima, mwingine napeleka kuuza kwenye soko la kambini, kwa hiyo nyumba ya bibi sikuipoteza. Nikipita namwachia kisado cha maharage. Hanishukuru sana, na nisingependa anishukuru.

Mara ya mwisho kumwona Mchambuzi ilikuwa pale mezani kwangu, miaka ile ya tisini inamalizikia. Nilisikia mtu anamwuliza mwuza dagaa wa pembeni, "Hii kazi, nani anakuomba?" na yule anajibu, "Unanunua au unahoji?" Nikajua kabla sijageuka. Alikuwa amekonda, kola imemzidi shingo. Alikuwa anapita tu, alisema. Kuna ofisi mjini ilitaka ushauri kidogo. Miwani ilikuwa moja, imefungwa uzi.

"Hesabu," akasema.

"Mchambuzi. Shikamoo."

"Marahaba. Unauza wewe mwenyewe?"

"Nanunua mwenyewe, nauza mwenyewe, nalia mwenyewe. Mfumo mzima uko kwenye meza moja."

Pua ikalia. Nikampa kigoda. Alikaa akawa anachambua maharage yangu bila kuambiwa, anatoa mawe, anayapanga kwenye ukingo wa meza badala ya kuyatupa. Nilikuwa na neno nililolibeba tangu siku ile ya kadi kumi kwa nafasi tisa, na sikuwa nimelitua kwa mtu.

"Ile kadi ya Muuguzi," nikasema. "Ya kufunga mtu. Niliiuza mimi ili yangu ibaki. Nilijua alikuwa amechoka. Nilisubiri achoke."

Aliendelea kupanga mawe. "Uliuza," alisema. "Mimi ndiye niliyenunua."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi imekunjwa mara mbili, imelainika kama kitambaa, alama za kibanio bado zipo juu. Hakuifungua. Aliiweka juu ya meza, akaigandamiza kwa jiwe moja ili upepo usiichukue.

"Unafika kule bado?"

"Wiki iliyopita nilikuwa kwa bibi."

"Yuko?"

"Yuko. Goti linamsumbua."

"Watoto wangapi?"

Akilini niliwaona: mkubwa anachota maji, wa pili amekaa mlangoni, wa tatu anacheka na meno yake mapya ya mbele.

"Watatu," nikasema.

Mchambuzi, aliyekuja huku kututibu ugonjwa wa kufanya kitu mara mbili, aliweka mikono yote miwili juu ya magoti yake.

"Hesabu tena," akasema.

Nikahesabu tena.